Damu ya Bwana Salama

Tarehe 3 Juni

Leo nimemwona Bwana Salama akinywa maji kutoka ndani ya koti la zimamoto, na watu wazima wenye akili zao wakampigia makofi.

Nimenunua daftari hili makusudi, na nitaandika kila kitu, hata ninachokijua, ili siku nikiulizwa nisibabaike.

Mimi ni mkemia wa maabara ya chuo. Mwaka huu nimepata kibali cha kupima damu ya askari wa zimamoto. Makoti yao yana bitana iliyopakwa kemikali ya kuzuia maji, jamii moja na ile ya vikaango visivyogandisha chakula. Kemikali hizo haziozi. Zikiingia kwenye damu zinakaa humo miaka, na watafiti wengi wanazishuku kwa saratani ya figo. Nataka kujua kama zinatoka kwenye koti na kuingia kwa mvaaji. Basi nikaenda kituoni kuomba damu.

Nikamkuta huyo bwana. Ni wakala wa kampuni inayouza makoti hayo, amesomea kemia kama mimi, na askari wamempa jina hilo kwa sababu kila sentensi yake inaishia na "ni salama." Alikuwa amesimama mbele ya benchi lao na koti jipya. Akachomoa bitana, akaikunja mithili ya kata, akamimina maji, akainua juu wote waone kwamba hata tone halivuji. Halafu akayanywa yote, gudu gudu gudu, akajifuta mdomo.

"Mnaona, jamani? Ningekuwa nawapa sumu, ningeinywa mwenyewe?"

Makofi. Mdogo wangu wa mwisho, naye askari wa kituo hicho, alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi kuliko wote.

Mume wangu, askari kama wao, naye aliwahi kukaa kwenye benchi lile, akarudi nyumbani akanisimulia kichekesho cha maji huku akicheka. Mvua za mwaka jana tulimzika kwa saratani ya figo. Nimekula kiapo: kiangazi hiki hakitaisha kabla Bwana Salama hajakiona cha mtema kuni.

Tarehe 4 Juni

Mkuu wa kituo amenijibu kwa simu. "Shemeji, sisi moto ndio unatuua. Nguo ndiyo inatuokoa. Usituchanganye." Askari wote pale huniita shemeji, kwa ajili ya marehemu. Siku hizi neno hilo linaniuma meno.

Tarehe 7 Juni

Joto. Upepo wa vumbi. Moto mara mbili kwenye maghala ya magodoro.

Tarehe 10 Juni

Nimegombana na mdogo wangu, na sikulala vizuri.

Anakaa kwangu tangu msiba. Amerudi kutoka kazini asubuhi, hata salamu hakutoa, akajitupa kwenye kochi na koti lake mwilini, akalala fofofo. Shingo nyeusi kwa masizi, jasho linamtiririka, na bitana imemganda kwapani na kiunoni. Nikasimama nikimwangalia kama mtu anayetazama maziwa yakimwagika.

Koti lenyewe ni la mume wangu.

Huo ndio utaratibu wa kituo. Koti la moto halifuliwi. Masizi ndiyo vyeo vyao, na mwenye koti safi anaitwa bwana harusi mpaka atoke machozi. Askari akifa, koti lake wanalitundika siku ya maziko, kisha anakabidhiwa mtu wa karibu yake kazini, halafu wanamwimbia. Siku waliyomvisha mdogo wangu nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Nilimwamsha. "Vua hilo koti."

"Dada, niache, nimechoka."

"Nimesema vua. Utalifua, au nitalikata kipande nikalipime."

Akaketi. Macho mekundu. "Ukate koti la shemeji?"

"Ndilo lililomuua."

"Una hakika?"

Hapo alinipata, kwa sababu sina. Nina damu ambayo sijaichukua na mashine ambayo haijawashwa. Hata nikishapima, namba zitaniambia nini kimeingia mwilini mwa watu hawa, hazitaniambia nani alimuua mtu wangu mmoja.

"Basi," akasema. "Siku ukiwa na hakika uniambie. Kwa sasa hiki ndicho kitu pekee chake kinachonukia yeye."

Akajilaza tena, akajifunika nalo mpaka kidevuni. Ana miaka ishirini na sita. Mama yetu alipofariki alikuwa hajaota jino, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nikimzika na huyu, sijui nani atanishika.

Tarehe 13 Juni

Askari watatu tu wamekubali kutoa damu. Watatu! Kwa watatu huwezi kuandika hata kichwa cha habari.

Tarehe 17 Juni

Sikuamini masikio yangu leo.

Mkuu aliniruhusu niseme na askari dakika chache kwenye gwaride, nadhani ili yaishe. Bwana Salama akajialika. Nikaeleza: nahitaji damu ya askari, na nahitaji damu ya watu wasiovaa makoti haya, walimu, makarani, wauza duka, ili nilinganishe. Askari wanaangalia viatu vyao. Mmoja akapiga miayo kwa makusudi.

Ndipo Bwana Salama akanyanyuka, tai imemkaa sawasawa. "Jamani, mnaogopa sindano? Mwacheni mama afanye utafiti wake. Toeni! Na mimi nitatoa. Niwekeni upande wa hao walimu na makarani, mimi mtu wa ofisi. Na yangu isifichwe. Siku ya matokeo isomwe mbele ya kila mtu, kwa jina. Sina cha kuficha."

Wakacheka, wakampigia makofi. Na kwa kuwa yeye amesema, wakajipanga mstari!

Nilimshukuru kwa adabu zote. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Hajui kwamba amejipalia makaa mwenyewe. Damu yake safi ndiyo nitakayomnyongea: nitasimama niseme, tazameni, mwenye kuuza ni msafi, wenye kuvaa ndio wachafu. Nimeshaipanga hotuba nzima, nimeifanyia mazoezi nikiosha vyombo.

Tarehe 20 Juni

Tumechukua damu. Muuguzi wa chuo alimtoboa Bwana Salama mara mbili kabla ya kupata mshipa, nami sikumwambia awe mpole.

Alikuja na mfuko wake wa maji. Ameushonea kwa bitana ile ile, una mkanda wa begani, ananywea humo safarini na ofisini, mwaka wa sita sasa. "Tangazo linalotembea, mama," akaniambia, akapiga funda. "Na maji hayachuruziki." Akanikaribisha. Nikamwambia nimefunga.

Tarehe 23 Juni

Vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo.

Tarehe 26 Juni

Moto wa nyasi pembeni ya barabara kuu, siku mbili mfululizo. Mdogo wangu amekuja kubadilisha soksi akaondoka. Koti mwilini.

Tarehe 1 Julai

Matokeo yametoka. Nitayaandika taratibu.

Walimu na makarani wana kidogo, kama kila mtu aishiye mjini. Askari wana mara tatu ya hapo, na wale wakongwe zaidi hata mara tano. Mdogo wangu yuko juu kuliko vijana wenzake wote walioanza kazi pamoja naye. Nilipoona namba yake nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Niliporudi nikaona mstari wa mwisho. Mtu mmoja wa kundi la watu wa ofisi amewazidi askari wote. Wote, na mkongwe wao kabisa! Nikasema mashine imechafuka. Nikaisafisha, nikapima tena, yale yale. Nikachukua kichupa kingine cha mtu huyo huyo, nikapima. Yale yale.

Ni Bwana Salama.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu maabara mpaka mlinzi akachungulia dirishani akauliza kuna nini, mama. Nikamwambia nimepata habari njema. Kumbe lile bwege liliamini! Siku zote nilidhani anawadanganya watu huku anajua, kumbe alikuwa anajimiminia mwenyewe, kwa hiari yake, na kujifuta mdomo.

Tarehe 2 Julai

Taratibu za utafiti ziko wazi, na ni mimi niliyeziandika kwenye ombi langu: mtu akikutwa na kiwango cha kutisha aitwe haraka, aambiwe faraghani, ashauriwe akapimwe figo.

Askari nimeshaanza kuwaita mmoja mmoja. Yeye bado.

Nikimwambia leo atafanya nini? Ataondoa ridhaa yake, namba yake itafutwa, na kampuni italeta mawakili. Mkutano wa matokeo ni tarehe 22. Mwenyewe alisema isomwe mbele ya kila mtu. Basi asubiri.

Mdogo wangu nimemwambia namba yake. Akaniuliza, "Ni mbaya?" Nikasema ni mbaya. Akasema askari wenzake wanasema mimi nina uchungu wa mjane na natafuta wa kumtupia. Akavaa koti akaenda kazini.

Tarehe 5 Julai

Sijamwambia.

Tarehe 8 Julai

Joto la kuchemsha ubongo. Mkuu wa kituo amekuja kuchukua namba yake, akasoma, akakunja karatasi, akasema kulinda jina la kituo ni muhimu. Hata ahsante hakusema.

Sijamwambia.

Tarehe 11 Julai

Amepiga simu mwenyewe.

"Mama mkemia! Vipi damu yangu, safi?"

"Utasikia siku ya mkutano pamoja na wenzako."

"Haya, haya. Nitakuja na mke wangu, anataka kuniona nikipigiwa makofi." Akacheka, halafu akaguna. "Samahani, mgongo huu. Upande mmoja unanivuta wiki ya pili sasa. Uzee unabisha hodi."

Mume wangu alianza na mgongo. Upande mmoja. Nilimkanda kwa mafuta ya kuchua mwezi mzima, tukimlaumu kocha wa timu ya mpira ya kituo.

Mdomo wangu ulifunguka. Nakiri hapa kwamba ulifunguka, na neno lilikuwa juu ya ulimi. Halafu nikamwona akilini akiinua ile bitana mbele ya benchi la mume wangu, nikamwambia, "Pole. Jipumzishe." Nikakata simu.

Tarehe 12 Julai

Sijamwambia. Chakula hakishuki.

Tarehe 15 Julai

Nimemwota mume wangu akiwa amevaa tai ya yule mtu. Nimeamka na hasira zaidi. Sijamwambia.

Tarehe 19 Julai

Mawingu kidogo upande wa milimani, kisha hakuna kitu. Watu wote wananuka jasho na moshi. Nimemsimulia mdogo wangu habari za mgongo wa Bwana Salama, nikacheka.

Tarehe 22 Julai

Imekwisha. Naandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ukumbi wa kituo ulijaa, wengine wamekaa kwenye magari ya zimamoto nje, milango wazi. Bwana Salama alikaa mbele na mkewe, mama mnene mpole aliyenisalimu kwa mikono miwili akaniuliza habari za nyumbani. Sikuwa nimemweka huyo kwenye mahesabu yangu.

Nilisoma matokeo ya jumla. Minong'ono. Mkuu akauliza maswali mawili ya kunikwamisha, nikayajibu. Askari mmoja mkongwe akasema, "Hizo ni namba tu, shemeji. Sisi tumeunguzwa kwa moto, hatukuuliwa kwa namba." Wakamwitikia. Nikaona kiangazi changu chote kinanyauka pale pale, na mdogo wangu amesimama nyuma, koti la mume wangu mwilini, amekunja mikono.

Ndipo Bwana Salama aliponyanyuka, akiushika mgongo. "Na yangu, mama? Usinibanie. Soma."

Nikamwambia, na hili nilisema kwa sauti ya kusikika, "Una haki ya kuisikia peke yako. Tunaweza kwenda chumba cha pili."

"Ah! Soma hapa hapa. Hawa ni watu wangu."

Nikasoma.

Kwanza alicheka. Akageuka kuwatazama askari ili wacheke naye, hakuna aliyecheka. Akasema mashine imekosea. Nikasema nilipima mara tatu, na ya tatu kwa kichupa kingine. Akasema, "Lakini mimi sivai. Mimi sijawahi hata kuingia kwenye moto."

"Huvai," nikasema. "Unakunywa."

Mkewe ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alinyoosha mkono taratibu, akauvua ule mfuko begani mwa mumewe kama mama anayemvua mtoto begi la shule, akauweka sakafuni, akausogeza mbali kwa mguu. Bwana Salama aliketi, rangi imemtoka usoni, akaanza kuufungua na kuufunga mkono wake wa kushoto.

Namba zangu zote hazikuweza kufanya lililofanywa na sura ile. Yule askari mkongwe alivua koti lake. Halafu wa pembeni yake. Halafu Mkuu, ambaye hakumtazama mtu. Makoti yalirundikana mlangoni, na harufu ya moshi wa miaka ikajaa ukumbini mpaka tukakohoa.

Ewe mume wangu, kama unatuona huko uliko, umeona! Nilisikia utamu mwili mzima. Ningeweza kuruka.

Mdogo wangu akaja mpaka mezani kwangu. Ana macho makali tangu utoto. Akaangalia karatasi, akaweka kidole kwenye tarehe ya kipimo.

"Tarehe moja," akasema. "Ulijua tangu tarehe moja?"

"Ndiyo."

"Mimi uliniambia kesho yake. Yeye ukamnyamazia wiki tatu. Na juzi umenisimulia mgongo wake unauma, ukacheka."

"Yeye alimnyamazia shemeji yako miaka."

"Kwa hiyo sasa mko wawili."

Akalivua koti. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya karatasi zangu. "Lipime, likate, ufanye utakavyo. Nimelivua kwa sababu ya namba. Sikulivua kwa ajili yako, dada."

Akatoka na singlendi yake nyeupe. Nilikuwa nimengoja siku ile mwaka mzima, nimwone bila hilo koti, na nilipoliona lile bega lake tupu likitoka mlangoni nilishindwa hata kumwita.

Tarehe 23 Julai

Ningefanya vile vile tena. Nimeandika hivyo na nimeusoma mstari huo mara kadhaa, na bado nausimamia.

Tarehe 24 Julai

Mdogo wangu amehamia kwa rafiki yake. Amechukua godoro na redio.

Tarehe 30 Julai

Serikali ya mji imezuia makoti ya aina ile mpaka yachunguzwe. Kampuni imetoa tamko refu lisilosema kitu. Askari wamepewa ya muda, mazito na mabaya, na wanalalamika kama wanawali waliokoseshwa sare. Acha walalamike.

Tarehe 9 Agosti

Mvua ya kwanza, ya mawe, imepiga mabati kama wendawazimu. Hakuna moto popote.

Tarehe 21 Agosti

Bwana Salama amekuja maabara.

Nilimwona dirishani akishuka kwenye teksi, mwembamba, hana tai, anatembea ameshikilia ubavu. Nikajiweka tayari. Maneno ya kumwambia ninayo tangu mwaka jana, nimeyanoa mpaka yanang'aa.

Alikaa polepole. Akasema, "Umeniokoa maisha."

Akaeleza. Kutoka mkutanoni, mkewe alimpeleka hospitali moja kwa moja, hata nyumbani hawakupita. Walimpiga picha ya figo, wakakuta uvimbe, mdogo kama punje ya haragwe. Wameutoa wote. Daktari anasema bila damu ile asingeenda kupimwa, angepaka dawa ya mgongo mpaka umalize kuenea. Atapona. Atazeeka. Ataona wajukuu.

Mungu wangu. Mwaka mzima nimefua kisasi, nimekipiga pasi, nimekivaa, na siku nilipokitumia kimemponya mtu! Mume wangu alipakwa mafuta ya kuchua akafa, na huyu, huyu, nimemtibu mimi kwa mkono wangu.

Nikamwambia ukweli, ili angalau umuume. "Sikukuokoa. Nilijua wiki tatu nzima nikanyamaza, ili uanguke mbele za watu. Hata uliponiambia mgongo, nilinyamaza."

"Najua," akasema. "Mdogo wako alikuja hospitali kuniambia. Alisema hataki siri nyingine kati ya watu." Akainamisha kichwa. "Nimekuja hivyo hivyo. Kwa sababu mimi nilinyamaza miaka sita. Kampuni ilituita, ikatuambia kuna mashaka juu ya bitana. Nikachagua kutoamini. Nilishona ule mfuko wiki iliyofuata. Nadhani nilitaka kujihakikishia."

Miaka sita. Mume wangu alikuwa mzima miaka sita iliyopita. Alikuwa anaruka ukuta.

Mvua ilikuwa inanyesha, na yeye hakunyanyuka kuondoka, hilo nampa. Mwishowe nikamwambia hayo aliyosema hayanitoshi mimi peke yangu. Atayasema kila kituo cha zimamoto alichowahi kunywea maji, mbele ya benchi, kwa mdomo wake, mkutano ule wa kampuni na miaka yote sita. Na mimi nitakuwepo kila mara, nimekaa mstari wa mbele, nikimtazama.

"Ni vituo vingi," akasema.

"Ulivimaliza vyote mara ya kwanza."

Akakubali. Akasema mdogo wangu ameshaomba ruhusa kazini ili atuendeshe. Nikageukia sinki nikajifanya naosha vichupa, asinione uso.

Alipofika mlangoni, amejishika ubavu, akauliza kama ipo siku nitamsamehe. Nikamwambia tutaanza na vituo vya mbali, maana mshono wake bado mbichi na barabara ya huko ni mbaya sana.